Shamba Lako Likitengwa Kuwa la Kilimo Pekee: Ushauri kwa Wenye Ekari Chache

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana aliyeachiwa ekari tatu na marehemu baba yake. Jirani amemwambia kwamba katika rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti yao, shamba hilo limewekwa ndani ya eneo la kilimo lililohifadhiwa, ambako hapataruhusiwa nyumba za kupangisha wala ploti za kuuza. Aliniuliza, kwa heshima na kwa wasiwasi, kama aligawe shamba upesi kabla mpango haujapitishwa, au atafute wakili, au anyamaze tu. Maswali ya namna hii yamekuwa yakinijia tangu majirani zangu nami tulipofaulu kubadilisha masharti ya eneo letu, na kwa kuwa yanafanana, nimeona nijibu mbele ya wote na kwa kirefu.

Nieleze kwanza msimamo wangu. Ninataka ardhi ya kilimo ilindwe. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi ya Kenya ni kame au nusu kame, na sehemu ndogo inayopata mvua ya kutegemewa ndiyo hiyo hiyo inayokimbiliwa na wajenzi. Tangu barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika ifunguliwe upya mwaka wa 2012 ikiwa pana na ya kasi, mashamba makubwa ya kahawa yaliyokuwa kandokando yake yamegeuka mitaa, na mji mpya wa Tatu City karibu na Ruiru umekalia ekari zipatazo 5,000 ambazo zamani zilikuwa mibuni. Mtu anayejua thamani ya udongo ule mwekundu hawezi kuyatazama hayo bila uchungu. Ninachokataa ni mpango unaoulinda udongo na kumsahau anayeulima.

Kwetu, katika mojawapo ya kaunti zinazopakana na jiji la Nairobi, habari zilianza kwa tangazo lililobandikwa katika ofisi ya chifu, nalo lilisema kwamba rasimu imekamilika na kwamba ramani zinaweza kutazamwa makao makuu ya kaunti. Baraza liliitishwa. Wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba ardhi ni ya mababu, kwamba hatimiliki ni hatimiliki, na kwamba hawatakubali kupangiwa na mtu wa ofisini namna ya kutumia mali yao. Walishangiliwa sana, na afisa aliyeandika kumbukumbu aliandika kwamba wananchi wameeleza hisia zao. Hakuna hata sharti moja lililobadilika kutokana na kikao kile.

Mimi nilifundisha jiografia katika shule za upili hadi nilipostaafu, na kusoma ramani ndiyo kazi iliyonilea. Nilikwenda makao makuu nikiwa na nakala ya hatimiliki yangu, nikaomba ramani, nikatafuta nambari ya shamba langu, kisha nikafuata kwa kidole mpaka wa rangi ya kijani, ndiyo rangi ya eneo la kilimo lililohifadhiwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyelitaja barazani. Mpaka ulifuata barabara ya lami. Upande wa chini, ambako majirani walikwisha kukata mashamba yao vipande vya futi hamsini kwa mia na kuviuza, pamepewa jina la eneo la makazi. Upande wa juu, ambako sisi tuliendelea kupalilia kahawa na kukama ng'ombe, pamefungwa. Jirani aliyeuza mapema amejenga nyumba ya ghorofa na mpango umemkuta akiwa huru kuongeza nyingine, ilhali mimi niliyekataa fedha za madalali mwaka baada ya mwaka nimekutwa na masharti. Mzigo wa kulilisha taifa ulikuwa umewekwa juu ya mabega ya wale wale waliokuwa wameubeba kwa hiari.

Ninakiri kwamba jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Wazee wetu walikwisha kupitia hali kama hii. Sheria ya kahawa ya zamani ilimkataza mkulima kung'oa mibuni bila kibali, na mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka wa 1989 na bei ikaanguka, wakulima walibaki na miti ambayo haikuwapa kitu na ambayo hawakuruhusiwa kuiondoa. Wengine walipanda migomba na maharagwe katikati ya mistari, wengine waliiacha mibuni ikageuka vichaka. Mavuno ya nchi, yaliyokuwa yamefika karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, yamekuwa yakizunguka tani 50,000 au chini ya hapo katika miaka ya karibuni. Marufuku ile haikuiokoa kahawa, kwa sababu mkulima asiyelipwa hupata njia ya kuliacha shamba hata akiwa amesimama ndani yake. Niliyaandika hayo katika barua yangu kwa kaunti, na ninawasihi nanyi myaandike katika zenu kwa mifano ya zao lenu.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa wengi hupotea hapa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya kumiliki mali, nacho kinataka fidia ya haki ilipwe bila kuchelewa pale Serikali inapoitwaa ardhi yako kwa manufaa ya umma. Lakini Kifungu cha 66 kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, na mipango ya matumizi ya ardhi imetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo anayekwenda barazani kudai fidia kwa sababu tu shamba lake limetiwa rangi ya kijani anasimama mahali dhaifu. Mahali penye nguvu ni Kifungu cha 10, kinachotaja ushiriki wa wananchi, na Kifungu cha 47, kinachodai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na wenye sababu. Uliza kwa maandishi: mpaka huu umechorwa kwa kigezo gani? Je, ni aina ya udongo, ni mteremko, ni mvua, au ni barabara iliyokuwapo? Sisi tuliuliza hivyo, na swali hilo ndilo lililowafanya wapangaji warudi uwandani.

Tena, usidhani kwamba leo uko huru na kesho utafungwa. Ardhi ya kilimo imekuwa chini ya udhibiti tangu Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka wa 1967: kuuza, kugawanya au kukodisha kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, na mkataba usio na idhini huwa batili. Sheria ya Mipango ya mwaka wa 2019 nayo inataka ruhusa ya kaunti kabla ya kugeuza shamba kuwa mahali pa makazi au biashara. Ukinyimwa ruhusa hiyo, una siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kinachobadilika ni kwamba ndani ya eneo lililohifadhiwa jibu la maombi yako linakuwa limekwisha kuandikwa kabla hujaomba.

Ndiyo maana nilikataa kupiga kelele dhidi ya mpango mzima. Niliwakusanya majirani nyumbani kwangu, chini ya mti uliopo karibu na zizi, tukaandika tunachotaka kimoja kimoja. Tulitaka mtoto wa familia aruhusiwe kujenga nyumba ya kuishi ndani ya shamba la wazazi wake bila kuhesabiwa kuwa anafanya biashara ya ploti. Tulitaka ghala, banda, nyumba ya wafanyakazi, kiwanda cha ushirika cha kahawa na kituo cha kupoza maziwa vitambuliwe kuwa sehemu ya kilimo, kwa sababu rasimu ilivitaja kwa namna ambayo afisa mkorofi angeweza kuvikataza. Tulitaka mgawanyo wa urithi utofautishwe na mgawanyo wa kuuza. Tulitaka barabara ya kwetu iwekwe changarawe, kwa kuwa maziwa yasiyofika kwa wakati humwagwa, na hakuna mtu anayehifadhi shamba kwa maziwa ya kumwaga. Mwisho tulitaka ada za ardhi zilingane na matumizi yaliyoruhusiwa, yaani shamba lililokatazwa kuwa ploti lisitozwe kwa thamani ya ploti.

Nilisoma pia namna wengine walivyofanya. Katika Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland huko Marekani, mwaka wa 1980 ekari zipatazo 93,000 zilitengwa kuwa hifadhi ya kilimo, na mwenye ardhi akawekewa kikomo cha nyumba moja kwa kila ekari 25. Wakulima walilalamika kwamba thamani ya mali yao imechukuliwa, na jibu lililotolewa ni kwamba kwa kila ekari 5 wangepata haki moja ya ujenzi ambayo wangeweza kuiuza kwa mjenzi wa sehemu nyingine ya kaunti, ambako majengo zaidi yalikubalika. Shamba likabaki shamba, na anayefaidika na mji akamlipa anayebaki shambani. Mashamba yetu ya ekari mbili tatu hayafanani na yale, na sidai kwamba tuunakili utaratibu huo ulivyo. Hata hivyo niliupeleka mbele ya kaunti kama ushahidi kwamba swali la nani analipa gharama ya hifadhi lilikwisha kuulizwa kwingine na likajibiwa.

Mpango ulipotoka kwa mara ya pili, mengi ya maombi yetu yalikuwamo. Nyumba za watoto ziliruhusiwa, majengo ya kilimo yaliorodheshwa kwa majina, na urithi ukatengwa na biashara. Mpaka wenyewe uliondolewa barabarani ukafuata udongo na mteremko, hata baadhi ya viwanja vya chini ambavyo havijajengwa vikaingizwa katika hifadhi pamoja nasi. Ninajivunia kazi hiyo kuliko karibu kazi zote nilizofanya baada ya kustaafu.

Haikupita bila gharama. Waliotaka kuuza walisema nimenunuliwa na kaunti. Waliotaka mibuni isiguswe walisema nimenunuliwa na wajenzi. Shemeji yangu, ambaye alikuwa amekwisha kupokea malipo ya awali kwa sehemu ya shamba lake, hajanisalimu hadi leo, na tunakaa katika kanisa moja. Nami nimemsamehe, ingawa ninamkumbusha yeyote anayesoma hapa kwamba kupokea fedha za mnunuzi kabla ya kupata idhini ya bodi ni kujitia kitanzi.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiligawe shamba kwa pupa. Kwanza hatimiliki bado iko kwa jina la marehemu baba yako, na Sheria ya Urithi, katika kifungu chake cha 45, inahesabu kuwa ni kosa kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama. Kamilisha mirathi. Asiyekuwa na jina lake kwenye hati husikilizwa kwa nusu sikio, na nimeona wajane na mabinti wengi wakinyamazishwa barazani kwa sababu hiyo peke yake. Pili, nenda ukaitazame ramani kwa macho yako. Usitegemee jirani, usimtegemee dalali, na usimtegemee mwakilishi wa wadi ambaye hajaifungua. Tatu, andika. Taja nambari ya shamba lako, taja sharti unalolipinga, taja maneno unayotaka yawekwe mahali pake, kisha peleka barua kabla siku zilizotajwa kwenye tangazo hazijaisha na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ninarudia: nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya barazani hupepea, na hakuna mahakama itakayosoma makofi.

Nanyi vijana wengine mnaosubiri wazee wafe ili muuze, ninawaomba mketi na wazazi wenu wangali hai na muulizane shamba hilo linaweza kuzalisha nini. Wafugaji wadogo wa Githunguri, katika Kaunti ya Kiambu, waliunganisha maziwa yao katika chama cha ushirika, wakajenga kiwanda chao wenyewe, na bidhaa zao zinauzwa madukani Nairobi. Hawakuwa na mashamba makubwa kuliko ya kwetu. Kijana anayedai kwamba kilimo hakilipi, naye hajawahi kuweka daftari la mapato na matumizi hata msimu mmoja, bado hajapata haki ya kusema hivyo. Nina ukali katika jambo hili kwa sababu nimewafundisha, na ninajua mnaweza kuhesabu.

Limebaki suala la ada za ardhi, ambalo kaunti ilikataa kuliingiza katika mpango kwa maelezo kwamba linahusu uthamini na si mipango. Hatukukubali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti, nasi tumewasilisha letu likiwa na sahihi za wenye mashamba wa pande zote mbili za barabara. Tumeomba kwamba kila shamba lililo ndani ya hifadhi lithaminiwe kama shamba kwa muda wote litakaokuwa humo. Kamati bado haijatuita, lakini siku itakapotuita nitakwenda na wanangu wote wawili, kwa sababu ada hizo ndio watakaozilipa.