"Wantam" iko ngeli gani, na mbona si "wantamu"?

Msomaji wa Kayole anauliza: "Hili neno 'wantam' linalovuma mtandaoni ni Kiswahili au ni Sheng'? Binamu yangu wa Tanga aliliona akaniuliza hao wantam ni watu wa kabila gani. Mimi mwenyewe nikitaka kuliandika katika sentensi nakwama: ni 'wantam wake', 'yake' au 'zake'? Na mwalimu wa mwanangu amelikata kwa kalamu nyekundu kwenye insha. Amekosea?"

Tuanze na binamu, maana hana kosa. Neno geni likianza kwa wa-, msemaji wa Kiswahili hulichukulia kuwa jina la watu wengi: Wantam, kama Wangoni au Wadigo. Akiwa hajui siasa za Kenya, hana dalili nyingine ya kumwongoza. Lakini hiyo wa- si kiambishi. Ni sehemu ya "wan", matamshi yetu ya neno la Kiingereza "one". "Tam" nayo ni "term". Wantam ni muhula mmoja, na anayeitwa hivyo ni kiongozi ambaye msemaji anaona, au anaomba, atumikie miaka mitano kisha aende nyumbani.

Neno lilishika moto mwaka 2025 likielekezwa kwa Rais William Ruto, aliyeapishwa Septemba 13, 2022. Katiba ya 2010 inamruhusu rais mihula miwili isiyozidi, kwa hiyo mlango wa uchaguzi wa Agosti 2027 uko wazi kwake. Makali ya neno yanatokana na historia: tangu uhuru, Kenya haijawahi kumwondoa kwa kura rais anayetetea kiti chake. Kibaki alimaliza mihula miwili, Uhuru Kenyatta akamaliza miwili. Kumwita rais wantam, basi, ni kumtabiria jambo ambalo halijawahi kutokea nchini.

Sasa sauti. Irabu ya "term" haimo katika Kiswahili, na maneno yenye irabu hiyo yamekuwa yakiingia kwa njia mbili. Mengine yalichukua a: shati, sakasi. Mengine yakachukua e: sketi, nesi. Kwa hiyo "wantem" lingewezekana kabisa. Limeshinda "tam" kwa sababu ndivyo Wakenya wengi wanavyolitamka neno hilo hata wakiwa wanazungumza Kiingereza; sikiliza watoto wa shule wakitaja "tam ya tatu".

Lililobaki ni mwisho wa neno. Kiswahili sanifu hakipendi neno liishie kwa konsonanti, ndiyo maana tuna "basi" na "benki". Kwa kanuni hiyo tungepata "wantamu", na hapo mambo yangeharibika mara mbili. Kwanza, ungeibuka utamu usiotakiwa, kana kwamba mtu anasifia maembe. Pili, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Wantam" ina silabi mbili na mkazo uko mwanzoni: WAN-tam. Ukiongeza u, mkazo unahamia katikati, wan-TA-mu, na ule mpigo wa ngoma unapotea. Linganisha na "muhula mmoja", silabi sita, na ile m- ya kwanza ya "mmoja" lazima uitamke peke yake huku midomo imefumbwa. Hilo ni la kuandika kwenye hotuba, halifai kupigiwa kelele barabarani. Silabi mbili zinagawika vizuri: mmoja anaita "wan", umati unamalizia "tam". Sheng', lugha ya mitaani ya Kenya, haioni tatizo na konsonanti mwishoni (mat, yaani matatu; jam, yaani msongamano wa magari), kwa hiyo neno likaachwa lilivyo.

Mtandaoni ufupi huo ulilifaa kwa namna nyingine. Alama ya reli (#) haikubali nafasi kati ya maneno. "Muhula mmoja" ukiunganishwa unakuwa mkufu wa herufi usiosomeka, hali wantam tayari ni kipande kimoja cha herufi sita. Linatosha kwenye stika ya kioo cha nyuma cha matatu, linatosha kwenye fulana, na mtu anayechapa kwa kidole kimoja akining'inia ndani ya basi la Thika Road halimchoshi.

Ila lisidhaniwe limetoka hewani. Siasa za Kenya zina desturi ya muda mrefu ya kulivua neno viambishi ili liimbike. Oktoba 2002, Uhuru Park jijini Nairobi, mwanasiasa Raila Odinga alitamka "Kibaki tosha", akimuunga mkono Kibaki kugombea urais. Sarufi ingedai "Kibaki anatosha". A- ya nafsi na -na- ya wakati zikaachwa nje, na hakuna aliyezililia. Mwaka 2017 upande wa Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, ukaja na "tano tena". Ni miaka mitano, lakini nomino imeondoka na mi- yake ikaondoka nayo, ikabaki tarakimu tupu. Wantam imefuata njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba imeokota kifungu kizima cha Kiingereza ambacho hakikuwa na kiambishi cha kuvuliwa.

Na hapa ndipo jibu la ngeli lilipo. Mara nyingi neno hili halifanyi kazi ya nomino ya kawaida. Ni kiarifu (kinachosema jambo kuhusu mtu), au ni mwito tu: "Huyo ni wantam." "Huyo si wantam." "Atakuwa wantam." Kitenzi "kuwa" ndicho kinachobeba nafsi, wakati na ukanushi, neno lenyewe halibadiliki. Kosa la kwanza ninaloliona ni kulitafutia umoja, "mtam", kwa sababu ya ile wa- ya udanganyifu. La pili ni "wantam moja", ambalo ni sawa na kusema muhula mmoja mmoja. Na kwa magavana na wabunge, kwa kuwa siku hizi neno limeshuka hadi kwao, ni "hao wote ni wantam", bila kuongeza chochote.

Ukilazimika kulimilikisha, lipeleke ngeli ya I-ZI, yanakolazwa maneno mengi ya kukopa: wantam yake, wantam hii, wantam hizi. "Wantam wake" lina hatari ya kusomeka kama wafuasi wake. Angalia lakini kwamba "muhula" hauko huko. Tumeutoa kwa Waarabu, tukaiona ile mu- tukadhani ni kiambishi, na sasa ni U-I: muhula huu, mihula hii. Usichanganye upatanisho wa maneno hayo mawili katika sentensi moja.

Waungaji mkono wa rais walijibu kwa "tutam", mihula miwili, na kwa maoni yangu hili ndilo lenye mchezo mzuri zaidi wa lugha, iwe ulikusudiwa au la. Litazame kwa jicho la Kiswahili: tu- ni sisi, -ta- ni wakati ujao, -m- ni yeye. Ni kitenzi kisicho na mzizi. Kimekaa kinasubiri kumaliziwa, na kila mtu ana mzizi wake mfukoni. Mmoja atamalizia "tutamchagua", wa pili "tutamwondoa". Wantam haina nafasi ya namna hiyo. Ukijaribu kuichambua kwa sarufi yetu unagonga ukuta kwenye -nt-.

Je, ni Kiswahili? Ni Sheng' iliyofika mbali, na sijui sababu ya kulionea aibu. Mwandishi wa habari aliweke ndani ya alama za nukuu mara ya kwanza, alifafanue kwa maneno matatu ("rais wa muhula mmoja" yanatosha kabisa, ingawa ni manne), kisha aendelee. Akimwandikia msomaji wa Tanga au Zanzibar, ufafanuzi huo si wa hiari.

Kuhusu ile kalamu nyekundu, inategemea neno lilikuwa wapi. Kama mtoto aliandika hotuba au barua rasmi, mwalimu yuko sawa, na badala yake ni "muhula mmoja". Kama lilikuwa kinywani mwa makanga anayebishana na abiria ndani ya mazungumzo ya insha, lirudishwe, na alama zirudi nalo.