Balbu kwanza, rangi baadaye

Wiki hii mmeuliza: ukiambiwa ubadilishe kitu kimoja tu sebuleni, utaanza na nini? Nadhani wengi watasema kochi au rangi ya ukuta. Mimi nasema balbu, wala si kwa ubahili.

Nimewahi kupaka ukuta mara mbili kwa kosa lisilo la ukuta. Nilichagua rangi ya malai mchana, ikanipendeza. Usiku ikapauka, ikawa kama ngozi ya mgonjwa. Nikamlaumu fundi (maskini, hakuwa na kosa), nikanunua kopo jingine lililokolea zaidi, nikapaka upya. Giza lilipoingia, yale yale. Dada yangu alipokuja alisimama mlangoni akauliza, "Kwani hapa mnapasua watu?" Kisha akanyoosha kidole darini.

Balbu ilikuwa ya kelvini 6500. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi na kufuatiwa na herufi K, lakini wengi tunaipita tukitafuta wati. Wati ni umeme unaoliwa. Kelvini ndiyo rangi ya mwanga wenyewe. 2700 ni mwanga wa manjano uliotulia, kama wa zile balbu za zamani za waya. 4000 ni mweupe wa wastani. 6500 umeegemea buluu, na ukuta wenye umanjano au wekundu ukipigwa na mwanga huo hupoteza uhai wake. Tazama pia kipimo kinachoandikwa CRI au Ra. Mwisho wake ni 100, na balbu ya 90 kwenda juu huonyesha rangi za vitu karibu na zilivyo.

Nikaweka za 2700, ila kwenye meza ya kazi nikabakiza 4000. Halafu nikaacha kuitegemea taa moja ya katikati ya dari, ambayo humtia kila aliyeketi chini yake vivuli vya macho. Sasa nina ya mezani, ya kusimama kwenye kona, na ndogo niliyoigeuza imulike ukuta. Kona iliyokuwa giza ikipata mwanga, chumba huonekana kimepanuka, ingawa hujasogeza hata kiti.

Mchana dawa yake ni pazia. Pandisha fimbo sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu ya dirisha, na uirefushe kama sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lilale ukutani badala ya kufunika kioo cha dirisha. Kioo cha kujitazamia nacho husaidia kusambaza mwanga, lakini kabla hujapiga msumari, simama pale pale uone kitaakisi nini. Changu kilinipa makapu mawili ya nguo chafu badala ya moja.

Rangi ije baada ya hayo. Na usiamini kile kipande kidogo cha kwenye katalogi: paka ubao, uegemeze ukuta huu na ule, uutazame asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Kochi langu ni lile lile, na lina doa upande wa kushoto. Taa ya kona nimeiweka kulia.