Sentensi ndefu zinanipotea kichwani

SWALI: Mhariri, najifunza Kifaransa mwezi wa sita sasa, maneno nayajua ila mwalimu akisema sentensi ndefu, akifika mwisho mimi mwanzo ushanitoka, je kichwa changu kibovu?

JIBU: Wala, ndugu yangu. Kuna sehemu ya akili inashika vitu kwa sekunde chache huku inavifanyia kazi, na nafasi yake ni finyu kwa kila mtu, mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alisema inashika vitu kama 7, mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaja kushusha mpaka kama 4 hivi mwaka 2001. Sasa wewe kila neno kwako ni kitu kimoja, ndo maana panajaa haraka, mwenye lugha yake anashika kifungu kizima cha maneno kama kitu kimoja. Kwa hiyo kariri vifungu, vitamke kwa sauti mpaka vitoke vyenyewe. Na mwalimu mwombe akate sentensi, maelekezo aandike ubaoni, maana (hili linanikera sana) wapo wanaotoa maagizo matano kwa pumzi moja halafu wanashangaa darasa limeduwaa. Zile gemu za kuongeza kumbukumbu usizitegemee, mara nyingi unakuwa hodari wa gemu lenyewe tu, Kifaransa kiko palepale.