Mkubwa Aliyekulea Akiiba, Kumfichua ni Usaliti?

Mtumishi wa umma mmoja ameniuliza wiki hii: bosi wangu ndiye aliyenitafutia kazi na kunipandisha cheo, sasa nimeona sahihi yake kwenye mikataba ya wizi. Nikimtaja, si zitakuwa fadhila za punda?

Hapana. Mshahara wako unatoka hazina, na wema aliokutendea hauwezi kulipwa kwa mali ya wananchi. Hapo sina shaka hata kidogo. Kinachoniuma ni watu wenye haki kuangamia kwa kukosa utaratibu.

Tazama Kenya. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki alimteua John Githongo kusimamia maadili na utawala bora, akampa ofisi Ikulu. Ndipo ukazuka mkataba wa mitambo ya pasipoti: kampuni ya Kifaransa ilitaka yuro milioni 6, kazi ikapewa Anglo Leasing, kampuni ya jina tu, kwa takriban yuro milioni 30. Githongo hakukimbilia magazeti. Alimweleza rais ana kwa ana, zaidi ya mara moja. Aliandika shajara, akawarekodi kwa siri wakubwa waliomtaka alegeze kamba. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London, na mwanzoni mwa 2006 hati zake zilipotoka hadharani, mawaziri waliachia viti.

Huo mfuatano ndio wa kuiga: onyo kwa mkubwa, kumbukumbu zenye tarehe, usalama wako, kisha hadhara. Ukianza na hadhara, mafaili yatachomwa kabla mpelelezi hajafika.

Lakini kumwonya mkubwa kwanza kunamfaa mwenye cheo. David Munyakei alikuwa karani tu wa Benki Kuu ya Kenya alipoona malipo ya Goldenberg, kashfa ya fedha za serikali kulipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu nje ya nchi. Angebisha mlango wa nani? Alipeleka nyaraka kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kuvunja siri za serikali. Kesi ilianguka, kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Kama wewe ni karani, usimwonye mtu. Nenda moja kwa moja kwenye chombo cha uchunguzi.

Toa nakala, hati halisi iache kwenye faili, maana ukiichukua utageuzwa mwizi wewe. Andika namba ya faili, ukurasa na tarehe uliyoiona. Usitumie kompyuta wala printa ya ofisini. Zote huweka alama. Nakala moja ikae nje ya nyumba yako. Na ulichokiona kiandike mbali na ulichokisikia: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimwamuru Githongo amlipe waziri wa zamani shilingi milioni 27 kwa kumchafulia jina. Hata yeye!

Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu 2015, Uganda tangu 2010, na ya Uganda humpa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Kinga hizo ni za aliyepeleka taarifa kwa mamlaka iliyotajwa na sheria, kama TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa Tanzania. Kuirusha WhatsApp ni kujivua ngao mwenyewe.

Kabla hujapeleka chochote, mwone wakili asiyefahamiana na ofisi yenu, na uweke akiba ya kula ya miezi sita, kwa sababu mshahara ndio hukatwa kwanza.