Kwa nini maji ya ziwa hayapwi wala hayajai: barua kwa mwanangu aliyeko Mwanza

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku Jambiani hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako mguu umepata nafuu na ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu yake. Mwani wa safari hii umekuwa mzuri, tunaomba bei isishuke.

Nimefurahi sana kwa maswali yako. Umesema tangu uhamie Mwanza unashangaa kuliona Ziwa Viktoria, kubwa kiasi cha kutoona ng'ambo, lakini maji yake hayapwi wala hayajai. Halafu mwenzako kazini akakutatiza zaidi: kama mwezi ndio unaovuta maji, kwa nini huku pwani maji yanajaa mara mbili kwa siku, wakati mwezi unapita utosini mara moja tu? Mama yako amefundisha sayansi miaka yote ile darasani, na sasa anashinda baharini akifunga mwani. Hakuna swali ambalo ungeniuliza nikalipenda zaidi ya hili.

Nianze na la mwenzako, maana likishafunguka, la ziwa linajibika lenyewe.

Watu wengi hufikiri mwezi unayanyanyua maji, unayavuta juu kama ndoo kisimani. Haunyanyui. Nguvu ya mwezi ya kupunguza uzito wa kitu hapa duniani ni ndogo mno, yapata sehemu moja katika milioni tisa ya uzito wake. Mtu wa kilo 70, mwezi ukiwa utosini kwake, hupungua uzito usiofika hata punje moja ya mchele. Nguvu hiyo haiwezi kupandisha bahari mita nne kwa kuinyanyua. Kuna jambo jingine.

Jambo lenyewe ni tofauti. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, na nguvu ya mvutano hupungua kadiri unavyokuwa mbali. Dunia nayo si nukta, ina upana wa kilomita 12,700 hivi. Basi upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi, katikati ya dunia huvutwa kiasi, na upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko wote. Wachukulie wanawake watatu wanaotoka ufukoni kwenda mwambani, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele anakwenda mbio, wa kati mwendo wa kawaida, wa nyuma anajikongoja. Wote wanaelekea upande mmoja, lakini yule wa kati akitazama, anaona wa mbele anazidi kumwacha na wa nyuma anazidi kubaki. Nafasi inafunguka mbele yake na nyuma yake. Dunia ndiye yule wa kati. Maji ya upande wa mwezi yanaitangulia, na maji ya upande wa pili yanabaki nyuma yake. Kwa hiyo yanajaa pande mbili kwa wakati mmoja, na sisi dunia inapojizungusha tunapita pande zote mbili. Ndiyo mara mbili hizo.

Kwa nini basi kila siku maji yanachelewa? Kwa sababu wakati dunia inamaliza mzunguko wake wa saa 24, mwezi nao umeshasogea mbele kwenye njia yake, na sisi inatubidi tuufuate kwa dakika 50 nyingine. Wanawake wa mwani hawahitaji jedwali kwa hili. Leo tumeingia saa nne, kesho tutaingia karibu na saa tano.

Na kama unataka ushahidi kuwa inayohesabika ni tofauti ya mvuto, wala si mvuto wenyewe, litazame jua. Jua lina uzito wa miezi milioni 27. Ingawa liko mbali mara 390 kuliko mwezi, linaivuta dunia kwa nguvu inayouzidi mwezi karibu mara 180. Kama mambo yangekuwa ya nguvu tupu, tungejali jua na mwezi tungeusahau. Lakini kwa umbali wa jua, upande wa mbele na wa nyuma wa dunia unavutwa karibu sawasawa. Tofauti inayobaki ni ndogo, hata jua likaishia kuwa chini ya nusu ya mwezi katika kazi hii. Ukiupa mwezi alama 100, jua linapata 46.

Hapo ndipo bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, yanapotoka. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja na nguvu zinajumlishwa: 146. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande na mwezi unavuta upande mwingine, zinapunguzana: 54. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na inaeleza kwa nini hapa kwetu bamvua likiwa kubwa maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, na kwenye maji mafu yanatetereka mita moja tu, na sisi tunakaa nyumbani tukisuka kamba.

Kuna kitu ulikizoea toka mdogo bila kujiuliza. Bamvua la Unguja siku zote hupwa asubuhi ya saa nne, saa tano hivi, na kujaa alasiri ya saa kumi. Mwezi wowote, mwaka wowote. Maji mafu ni kinyume, yanapwa jioni. Siku za bamvua mwezi unakwenda pamoja na jua au unalikabili, kwa hiyo unapita utosini saa sita ya mchana au saa sita ya usiku. Bahari yetu haijai papo hapo, inachelewa saa nne hivi. Saa sita ongeza nne: saa kumi. Nusu ya mwezi inapita utosini jua likichwa au likichomoza, saa kumi na mbili, ongeza nne: saa nne. Kila bandari duniani ina ucheleweshaji wake, lakini wa kwake haubadiliki.

Inachelewa kwa nini? Kwa sababu maji hayawezi kukimbizana na mwezi. Kwenye Ikweta dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Wimbi la kupwa na kujaa, kwenye bahari yenye kina cha kilomita nne, linaweza kukimbia kilomita 700 tu kwa saa. Juu ya hapo kuna Afrika, Amerika na Asia zimelikingia njia. Basi maji yanabaki yakizunguka ndani ya mabonde ya bahari, yanagonga pwani na kurudi. Pwani nyingine zinapata kidogo, kama Bahari ya Mediterania ambako sehemu nyingi mtu hata haoni. Pwani nyingine zinapata mno: Ghuba ya Fundy kule Kanada maji hupanda hadi mita 16. Ghuba ile ina urefu na kina ambacho maji yake yakisukumwa kwenda na kurudi yanachukua muda unaokaribiana na ule wa mwezi kuyasukuma tena, kwa hiyo kila msukumo unaongezea wa kabla yake. Nyumba ya ghorofa nne ingefunikwa.

Wataalamu wenyewe walihangaika. Kepler, mnajimu wa Kijerumani, aliandika mwaka 1609 kwamba mwezi ndio unaovuta bahari, na Galileo wa Italia, pamoja na akili zake zote, akalikataa wazo hilo. Mwaka 1632 akatoa hoja yake kwamba maji yanayumbishwa na mwendo wa dunia. Aliyekuja kupiga hesabu ikakubali ni Newton wa Uingereza, mwaka 1687.

Sasa tuje ziwani kwako. Nimesema mwezi haunyanyui maji. Unachofanya ni kuyasogeza pembeni, kidogo kidogo, kutoka eneo la maelfu ya kilomita kuyakusanya mahali pamoja. Bahari ya Hindi ina nafasi hiyo. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba 68,000 na zaidi, lakini kutoka kaskazini mpaka kusini ni kilomita 300 na kitu tu. Kwa umbali huo, maji ya Mwanza na maji ya Entebbe yanavutwa karibu sawasawa. Tofauti ni chembe, na hakuna maji mengine pembeni ya kuja kujazia. Maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, ambayo yamepimwa vizuri sana, hayapandi hata sentimita tano kwa ajili ya mwezi na jua pamoja. Upepo wa asubuhi unatosha kulificha jambo hilo lisionekane.

Kwa hiyo ukiona maji ya ziwa yamesogea, usitafute mwezi. Upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja unayarundika maji ng'ambo, na ukitulia yanarudi. Mabadiliko makubwa ni ya mvua: takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria yanadondoka moja kwa moja kutoka mawinguni juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanarudi huko huko kwa mvuke. Ndiyo maana baada ya mvua nyingi za 2019 na 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi iliyokuwapo tangu 1964, watu wakahama majumba. Yale maji hayakurudi baada ya saa sita, mwanangu. Yalikaa.

Lakini nisikuache na fikra kuwa mwezi umeisahau Mwanza. Nchi kavu nayo hupwa na kujaa. Mwamba haukukaza kiasi tunachodhani. Dunia nzima hunyumbuka, na huko karibu na Ikweta ardhi hupanda na kushuka kwa kiasi cha sentimita 30 hivi, mara mbili kwa siku. Lile Jiwe la Bismarck unalolipita, ziwa, ofisi yenu, na wewe mwenyewe umelala, vyote hupanda na kushuka pamoja. Huoni kwa sababu hakuna kilichobaki nyuma cha kupimia. Karibu na Geneva kuna maabara ya CERN, ambayo katika miaka ya 1990 ilikuwa na mtambo wa duara wa kukimbizia chembe ndogo kuliko atomu, wenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi. Wanasayansi waliona vipimo vyao vinapotoka kwa zamu, wakagundua kuwa mwezi ulikuwa unalitanua duara lile kwa milimita moja. Jambo hili nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kuitazama ardhi.

Na liko la mwisho ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, ingawa hukuuliza. Maji haya yanayokwenda na kurudi yanasuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo unaipunguzia dunia mwendo wa kujizungusha. Siku zinarefuka, kwa kiasi cha milisekunde mbili hivi katika kila miaka 100. Nguvu inayopotea huku inausukuma mwezi kule, nao unatuhama. Wanaanga wa Kimarekani wa safari ya Apollo 11 waliacha kioo juu ya mwezi, Julai 1969, na mpaka leo watu wanakipigia mwanga wa leza na kuhesabu muda unaochukua kurudi. Mwezi unakwenda mbali sentimita 3.8 kila mwaka.

Ushahidi wa zamani uko kwenye matumbawe. Tumbawe likikua huongeza utando mwembamba kila siku, na utando huo hubadilika unene kwa majira ya mwaka, kwa hiyo siku za mwaka zinahesabika. Mwaka 1963 mtaalamu wa Kimarekani, John Wells, alichukua matumbawe yaliyogeuka mawe, ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akahesabu nyuzi zake kwa hadubini. Badala ya 365 akapata kama 400 kwa mwaka. Mwaka ulikuwa na urefu ule ule, ila siku ilikuwa fupi, ya saa 22 tu. Wanyama wadogo, wasio na macho, walikuwa wameandika siku zao moja moja. Na jamaa zao ndio hawa tunaokanyaga pembeni yao kila bamvua, nami huwaambia wasichana wanaokuja kuchokoa pweza wasiyavunje matumbawe kwa fito zao.

Umesema unataka kuja na watoto likizo. Tafuta siku zinazoangukia tarehe kumi na tano mpaka kumi na saba za mwezi mwandamo, au mosi mpaka tatu, ili niwapeleke mpaka mwambani wakione kila kitu. Waje na viatu, mawe yana miba. Tutatoka saa mbili na nusu asubuhi maji yakiwa yanashuka, na maji yakigeuka tunageuka nayo. Uwaeleze mapema wasije wakabisha: maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanaingia kidogo sana, mtu akajidanganya ana nafasi. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakuja nusu nzima ya kujaa kwake. Tena hayaji kutoka mbele unakotazama. Yanapita kwenye mlango wa mwamba na kujaza kwanza mikondo iliyoko nyuma yako, kati yako na ufuko, na watu wazima wamekwama hivyo. Kwa hiyo wakati wa kurudi nitausema mimi, na hakuna wa kuomba dakika tano.

Wasalimie mkeo na watoto. Baba yako anakusalimu na anauliza kama sangara wa huko ni wa bei gani siku hizi.

Mimi mama yako.