Takwimu za hewa ya Mombasa: namna ya kuzipata na kuzisoma

Wakazi wa Changamwe, Jomvu na Miritini hawahitaji kuambiwa kwamba hewa yao ina walakini. Malori ya makontena hayalali, vumbi haliishi, na jioni takataka zikichomwa kila mtu hufunga madirisha. Lakini ukisimama kikaoni ukasema watoto wanakohoa, utaitikiwa kwa upole, kisha ajenda ifuatayo isomwe. Ukija na jedwali la vipimo vya saa kwa saa, itabidi ujibiwe. Ndiyo maana nawahimiza majirani wajifunze kuzichota takwimu hizi wenyewe. Zipo wazi kwa umma, hazilipiwi, na hazitaki shahada ya uhandisi.

Kwanza, usitegemee namba inayojitokeza kwenye simu karibu na utabiri wa mvua. Mahali pasipo na kihisi, yaani kifaa cha kupimia hewa, namba hiyo huwa ni makadirio ya kompyuta yaliyopikwa kutokana na picha za setilaiti na mwenendo wa upepo. Pengine yanakaribia ukweli, lakini hayawezi kukwambia lolote kuhusu mtaa wako. Tafuta ramani inayoonyesha kituo chenyewe kilipofungwa.

Halafu uliza namba hiyo ni ya nini. Programu nyingi huonyesha faharasa ya ubora wa hewa, AQI, ambayo si mikrogramu. Kwa kanuni ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 2024, mikrogramu 9 za PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za vumbi na moshi, kwa kila mita ya ujazo ni faharasa 50, na mikrogramu 35.4 ni faharasa 100. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Nimemsikia mtu akichukua faharasa 100, akaigawa kwa 15, akatangaza kwamba tumevuka kiwango karibu mara saba. Hesabu ya haki ni mara mbili na kidogo. Mara mbili inatosha kabisa kutudhuru. Hatuna haja ya kuongeza chumvi, maana siku tutakayokamatwa na uongo mmoja, hata ukweli wetu hautasikilizwa.

Pa kuanzia ni OpenAQ, shirika lisilo la faida linalokusanya vipimo vya serikali na vya vihisi vya bei nafuu kutoka nchi nyingi. Unafungua akaunti, unapewa ufunguo (msimbo wa kuombea takwimu), kisha unaomba orodha ya vituo vilivyo karibu na sehemu unayoitaja kwa latitudo na longitudo. Ya Mombasa ni takriban -4.05, 39.67. Chunga sana mpangilio huo. Ukizigeuza namba, ukaandika 39.67, -4.05, hutapata onyo lolote. Utapelekwa Hispania, karibu na mji wa Toledo, na utaletewa hewa ya watu wengine. Ukisahau alama ya kutoa, utajikuta ng'ambo ya Moyale. Ukishapata kituo, tazama tarehe ya kipimo cha mwisho kabla hujafurahi. Vihisi vingi hufungwa kwa shangwe, kisha umeme au intaneti ikikatika havirudi tena.

Chanzo cha pili ni Sensor.Community, mtandao wa wananchi ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Hifadhi yake ina faili za kila siku ambazo unazipakua bila hata akaunti. Safu zake zimetenganishwa kwa nukta-mkato (;), kwa hiyo iambie Excel hivyo, la sivyo kila kitu kitarundikana safu moja. Safu ya P1 ni PM10, chembechembe kubwa zaidi, na P2 ndiyo PM2.5, kinyume na mtu anavyoweza kudhani. Saa zilizoandikwa ni za UTC, saa ya kimataifa, ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Faili ikisema 04:00, Mombasa ni saa moja asubuhi, foleni ya malori imeshafunga barabara. Usipoongeza hizo saa tatu, moshi wa foleni utaonekana ukipanda saa kumi alfajiri, na anayetaka kukupinga atakushika hapo hapo.

Sasa unyevu, jambo ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulikwepa. Vihisi hivi vya bei nafuu hupiga miali ya leza na kupima mwanga unaotawanywa na chembechembe. Chembe ikinyonya maji huvimba, na kihisi huiona kama uchafu mkubwa zaidi. Chumvi ya bahari iliyomo hewani kwetu inanyonya maji kama ile ya mezani inayogandamana ndani ya chupa wakati wa masika. Kihisi cha SDS011, kinachotumika sana katika mtandao wa Sensor.Community, kiliwekewa na watengenezaji wake kikomo cha unyevu wa asilimia 70, na hapa kwetu usiku unyevu hupita hapo bila shida. Kwa hiyo pakua pia faili ya unyevu wa kituo hicho hicho. Mimi huzitenga saa zilizozidi asilimia 70 na kuzionyesha kwa rangi tofauti badala ya kuzifuta, ili kila msomaji aone namba zipi ni za kuaminiwa zaidi. Kanuni za kusahihisha zipo, lakini ile maarufu ya vihisi vya kampuni ya PurpleAir ilitengenezwa kwa vipimo vya Marekani. Usiilete Likoni ukaitumia kwa macho yaliyofumbwa.

Andika na pepo. Kusi ikivuma, hewa ya bandari ya Kilindini husukumwa kuelekea Changamwe; kaskazi ikiingia, huelekea upande wa Mtongwe. Ukilinganisha Januari ya kaskazi na Julai ya kusi kisha ukasema hewa imetakata, wavuvi watakusahihisha.

Na kuna yasiyoonekana kabisa kwa vihisi hivi. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, waliathiriwa na madini ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kihisi cha vumbi hakitambui risasi. Ushahidi wa namna hiyo hutoka kwenye damu na udongo.

Ikiwa vipimo unavyovitaka viko mikononi mwa ofisi ya umma, omba. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki hiyo, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Taja kila kitu. Ofisi moja iliwahi kunijibu kwa ripoti yenye picha nzuri na wastani mmoja wa mwaka mzima. Nikaandika upya: "Naomba vipimo vya PM2.5 na PM10 vya kila saa, kwa kila kituo, kuanzia tarehe hii hadi hii, katika faili ya jedwali, pamoja na aina ya kifaa na mahali kilipofungwa." Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, peleka lalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ukiambatisha nakala ya ombi lako yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe yake.