Bei ilipandishwa vyombo vikiwa garini

Swali: Nilipohama kutoka Umoja kwenda Lang'ata, tulipatana makadirio ya shilingi 12,000. Tulipofika, wahamishaji walikataa kushusha vyombo hadi nilipolipa 19,000. Je, nina haki gani?

Jibu: Ndugu msomaji, ulidhulumiwa. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 hairuhusu mtoa huduma kuzidisha makadirio yaliyo katika mapatano kwa zaidi ya asilimia 10, yaani kupita shilingi 13,200, isipokuwa kama mlikubaliana kuongeza kazi na bei. Na kuzuilia mali ya mteja ili kumshurutisha akubali bei mpya ni kosa ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko fedha zenyewe. Wadai wahamishaji hao kwa maandishi wakurudishie kilichozidi, ukiambatisha risiti ya M-Pesa. Wakikataa, nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.